Amana Tuliyoipeleka Bhuj

Mama yangu hakuturuhusu kupembea. Nyumbani kwetu Ibra, Oman, tulikuwa na minyororo minne ya pembea, ya shaba, mizito, kila pingili imechongwa kitu chake: tembo, kasuku, mwanamke mwenye mtungi kichwani. Ilikaa ndani ya sanduku la njumu la bibi, imeviringishwa kanga kuukuu. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mama aliitoa, akaisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ikang'aa, akaianika, akairudisha sandukuni. Kaka zangu walipokuwa wadogo walilia ifungwe kwenye mkunazi wa uani, na baba akawaunga mkono. Mama akasema neno moja tu, amana, na mazungumzo yakaisha. Amana haichezewi wala haitumiwi, inawekwa.

Wenyewe walikuwa majirani wa bibi alipokuwa akiishi Mji Mkongwe, Unguja, Wahindi wa Kachi. Nyumba yao na ya bibi zilitazamana kwa karibu kiasi cha watu kupokezana vikapu madirishani. Mama na binti wa nyumba ile walikuwa mashoga, umri mmoja, hawabanduki. Hata hivyo hawakupata kula sahani moja, kwa sababu watu wale hawakula kitu kilichopikwa kwenye jiko la Waislamu, na bibi aliliheshimu hilo bila ya kununa. Basi urafiki wao wote ulipita kwenye vitu vibichi: embe kwa chumvi na pilipili, zambarau, mabungo. Mama alikuwa akisema kwamba mpaka leo akionja bungo humwona shoga yake amefinya jicho moja kwa ukali wake.

Mwaka wa mapinduzi majirani wale waliondoka. Alasiri ya siku yao ya mwisho, mama wa nyumba ile alivuka uchochoro pamoja na bintiye, wameshika gunia huku na huku, akamwambia bibi: "Tutunzie mpaka turudi." Bibi akajibu, "Nimepokea." Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, akayasikia yote mawili. Hawakurudi. Miaka ikapita, watu wetu nao wakahamia Oman, nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na katika mizigo michache waliyoweza kuchukua bibi aliacha masufuria yake mazuri akabeba gunia la Wahindi. Alipofariki, amana ikamwangukia mama.

Mimi ndiye niliyebaki nyumbani na mama. Sikuolewa. Nasomesha hesabu skuli ya wasichana, na kaka zangu wako Maskati, wanampenda mama kwa simu. Daktari alipotwambia kwamba moyo wake umechoka na kwamba dawa zitauchelewesha tu, niliyelia ni mimi. Mama alitengeneza mtandio wake, akaningoja nimalize, akasema:

"Basi n'tafutie wenye minyororo yao. Siwezi kwenda kwa Mola wangu na kitu cha watu shingoni."

Nilimwona kama mtu anayenituma kutafuta sindano jangwani. Lakini Nizwa tulikuwa na muuza vitambaa mmoja, Mkachi, ambaye ukoo wake umefanya biashara Oman tangu enzi za mababu, na mama alinunua kwake kanga na leso tangu sijazaliwa. Nilimweleza nikiona haya. Hakucheka. Alipeleka ujumbe kwa binamu zake wa Bhuj, mji wa Kachi huko India, binamu wakauliza kwenye mitaa yao, na mwezi haukwisha akanipigia: bibi anayeitwa "wa Zanzibar" yupo, yu hai, na namba ya mwanawe hii hapa. Nilipompigia huyo mwana na kumwambia sisi ni nani, akasema kwa Kihindi, lugha niliyoiokota kwa wenye maduka: "Njooni. Tafadhali, njooni upesi." Nikadhani ni ukarimu.

Mama alitaka jambo lake liende sawasawa, kwa hiyo alikwenda kwanza kwa sheikh. Sheikh akamwambia kwamba amana hurudi kwa mwenyewe, na ikiwa mwenyewe hayupo au hajiwezi, kwa warithi wake. Ukishawakabidhi, dhima imekutoka. Mama alirudi na uso mwepesi ambao sikuuona tangu baba afe. Kaka zangu walisema safari itamuua. Niliwajibu kwamba waje wamshike wenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyekuja, tukakata tiketi.

Pale uwanja wa ndege wa Maskati begi la mkononi lilikataa kupita. Askari kijana aliufungua mzigo, akainua mnyororo mmoja, tembo na kasuku wakining'inia, akamtazama mama kwenye kiti chake cha magurudumu. "Hadhi amana, ya waladi," mama akamwambia. Hii ni amana, mwanangu. Kijana aliirudisha minyororo mmoja mmoja kama mtu anayelaza mtoto, akamwita mkubwa wake, wakazungumza, tukaambiwa tuipeleke kwenye mizigo ya chini. Mama hakutulia mpaka alipoiona tena Mumbai. Nami, kusema kweli, nilikuwa nimeshaichukia ile shaba.

Bhuj iko mahali ambapo nchi imekauka. Ukiutazama mji kutoka angani unaona kilima chenye boma, ziwa dogo, mji wa kale umejikunja ndani ya ukuta, na kaskazini yake weupe wa chumvi usio na mwisho. Nimekulia karibu na mchanga wa Bidiya, jangwa halinitishi, lakini lile jeupe lilinifanya nivute pumzi. Mama hakushangaa. Alikuwa ameshahadithiwa mji ule utotoni, dirishani, na mama wa shoga yake aliyekuwa akiulilia kwao kila jioni.

Alitaka auone mji kwanza. Mwana wa shoga yake alitutumia dereva mwenye subira, tukazunguka. Tuliingia kwenye jumba la wafalme lenye chumba cha vioo, ukuta mzima wa vioo, na baadhi vimepasuka tangu lile tetemeko kubwa la ardhi lililouangusha mji, na ndani ya kila kipande mama yangu, amekuwa kadogo, mweusi kwa buibui lake, akijitazama. Tulipita mitaa yenye mapengo katikati ya nyumba, mahali ambapo nyumba ilikuwapo. Kwetu Ibra nao mji wa kale umeanguka, lakini umejiangukia polepole, mvua kwa mvua, baada ya watu kuhamia nyumba za saruji kwa hiari zao. Kuta zetu zilipata muda wa kuagwa. Bhuj ilianguka asubuhi moja, na watu wamo ndani.

Kwenye uchochoro mmoja mama alisema, "Simamisha." Palikuwa na mlango wa mbao, peke yake, nyuma yake hakuna kitu ila vifusi na mbuzi. Ua lililochongwa juu ya kizingiti lilikuwa ua lile lile la milango ya Unguja, na la ule mlango mmoja uliobaki nyumba ya babu Ibra. Mama aliupapasa.

"Milango hii Wahindi wasema ni yao, Waarabu wasema ni yao, sie nasi twasema ni yetu," akaniambia. "Na fundi keshakufa zamani, hajui kama anagombaniwa."

Nilicheka. Hapo ndipo nilipocheka mara ya mwisho katika safari ile.

Shoga yake alikuwa akiishi nje ya ukuta, kwenye mtaa mpya uliojengwa baada ya tetemeko. Nyumba yake ya zamani ilianguka na mumewe akafia ndani. Mwanawe, mtu wa makamo mwenye duka la dawa, alitungoja chini ya ngazi. Alimwinamia mama, akamgusa miguu, halafu akanivuta pembeni mimi. Aliniambia kwa Kihindi: mama yangu ni mgonjwa, sikukwambia kwenye simu kwa kuogopa kwamba hamtakuja. Akili inamwondoka. Alianza kusahau majina, kisha Kihindi, na sasa hata Kikachi anakizungumza siku moja moja tu. Kutwa anasema lugha ambayo ndani ya nyumba hakuna anayeijua. Wazee waliotoka naye Afrika wamekufa, au wamefuata watoto wao ng'ambo. Akatoa simu yake, akanisikilizisha sauti aliyoirikodi.

"Nataka kwenda kwetu," sauti ile ilisema. "Nifungulieni mlango, jamani. Magharibi hii, mama atanigombeza."

Kilikuwa Kiswahili cha mama yangu, kile kile cha Mji Mkongwe, laini, cha watu ambao Ibra siku hizi tunawazika mmoja mmoja.

"Anasema nini?" mwanawe akauliza.

Nikamwambia: anahofu kwamba amechelewa kurudi nyumbani, na mama yake atamkasirikia. Sikumwambia kwamba mlango anaoomba afunguliwe ni wa nyumba ya huyu mwanawe, apate kutoka. Mwanawe akashika ukingo wa ngazi.

"Nilidhani ananilaani," akasema.

Tulimpandisha mama kwa kituo, ngazi chache, pumzi, ngazi chache, pumzi. Shoga yake alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, sari nyeupe, kichwa cheupe, macho yakitazama chini barabarani. Mama alisimama mlangoni akishikilia mkono wangu. Alikuwa amelisubiri neno hili kwa umri wake wote, na akalisema kama msichana.

"Shoga!"

Yule bibi aligeuka. Alimtazama mama kwa makini, uso wake ukafunguka, akainuka upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mtu na shoga yake hawaamkiani shikamoo. Mama alinitazama. Kisha nikaona anavyoelewa. Picha za bibi tunazo nyumbani. Mama katika uzee wake ni bibi mtupu, pua ile ile, mtandio ule ule. Shoga yake alikuwa binti wa miaka ile, na aliyeingia mlangoni hakuwa rafiki yake. Alikuwa mama wa rafiki yake.

Mama angeweza kumsahihisha. Mimi ningemsahihisha, ndiyo kazi yangu kila siku, kusahihisha. Mama alivuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo?"

Wakakaa. Nilikuwa nimebeba tende za Al Qabil, mama amekataa katukatu nisichukue halua, ati halua imepikwa. Shoga yake aliiangalia sahani, akauliza kwa adabu, "Zimepikwa?" Mama akamwambia hazikupikwa, zimetoka mtini. Akala moja, akala ya pili. Mkewe yule mwana, aliyesimama mlangoni mwa jiko, akajifunika uso kwa ncha ya sari; tangu juzi mkwewe alikuwa amekataa kila alichopikiwa. Wakazungumza, wazee wawili, habari za uchochoro ambao siujui, muuza kahawa, paka wa nani kazaa wapi, na mwanawe akawa amekaa sakafuni baina yao akimtazama mama yake akizungumza kama mtu mzima wa akili. Nilimtafsiria niliyoweza. Kila neno alilipokea kwa mikono miwili.

Kisha mama akanipa ishara. Nilifungua begi, nikaitandaza minyororo sakafuni. Ilikuwa imetoka kusuguliwa, iling'aa.

"Amana yenu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imejiandaa. "Nimekuleteeni amana yenu."

Yule bibi aliitazama, na furaha yote ikamtoka usoni. Alishuka kutoka kwenye kiti akaanza kuivuta kanga juu ya shaba, kuifunika, huku akimtupia mwanawe jicho la hofu.

"Umeileta huku kwa nini, mama?" akanong'ona. "Huku si kwetu. Watu hawa siwajui. Wataiuza. Irudishe ndani, mama, n'nakuomba. Mama yangu kasema tutaifuata tukirudi."

Mwanawe akaniuliza anasema nini. Nikasema anataka iwekwe vizuri. Ni kweli alisema hivyo pia, na sijutii niliyoyaacha.

Mama aliomba apelekwe kwenye kibaraza apate hewa. Nilimfuata, na hapo nikamwambia maneno ambayo bado nayaona ni ya haki. Nilimwambia, sheikh keshakupa njia. Mwenyewe hajiwezi, mrithi wake yuko pale ndani, mtu mwema, anamwosha na kumlisha mama yake. Tumkabidhi yeye, kimya kimya, chumba cha pili, shoga yako hatajua na kesho hatakumbuka. Utakuwa umetoka. Ndilo ulilolijia, mama. Ndilo lililotupandisha ndege na moyo huo wako.

"Najua," akasema.

"Basi?"

"Basi kaniomba nimwekee."

"Kakuomba hana akili zake!"

"Mie n'nazo zangu," mama akasema. "Alipokuja na gunia lile alikuwa mtoto, na mama yake yuko naye. Leo hana mama. Nikimnyima leo, kwake mama yangu ndiye aliyevunja ahadi."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika mpaka machozi yakanilengalenga. Nilikuwa nikitaka mama yangu afe amepumzika, na niliona anakichukua tena kile kile alichokuja kukitua, mzigo mzima, kwa ajili ya mtu ambaye hata hakumjua ni nani. Alirudi ndani akijishika ukutani. Alikaa mbele ya shoga yake, akaikunja kanga juu ya minyororo pembe kwa pembe, akaiweka mapajani pake.

"Nimepokea," akamwambia. "Mwambie mama yako nimepokea. Mkirudi mtaikuta."

Yule bibi akaishika mikono yake akaibusu. Nikamweleza mwanawe yote isipokuwa lile neno la watu hawa siwajui, na nikamwambia kwamba kitu hiki ni chake, akikitaka leo, kesho au baada ya sisi sote, ni simu moja tu. Akasema mama yake hakuwahi kutulia vile kwa mwaka mzima. Akasema kitatunzika vizuri zaidi kwetu. Tukaagana.

Ndani ya ndege mama alitazama mawingu. Nilidhani amelala. Halafu, bila ya kunigeukia, akasema kwa sauti ndogo: "Wallahi hakuniulizia. Kauliza habari ya muuza kahawa, kauliza mpaka paka. Mie, shoga yake, hakuniulizia hata mara moja." Nikamfunika blanketi. Ndiyo malalamiko pekee niliyopata kuyasikia kwake kuhusu jambo lile.

Aliishi mpaka mavuno ya tende. Wiki yake ya mwisho aliniita, akaagiza sanduku lisogezwe kitandani, akaniwekea mkono juu ya kanga. Nilimwambia sikuomba kitu hiki. "Na mie sikuomba," akasema, akaningoja. Nikasema nimepokea. Baada ya arobaini kaka yangu mkubwa alitaja kwamba watalii pale soko la Mutrah wanalipa vizuri kwa shaba ya kale, na nilimjibu maneno ambayo bado hajanisamehe.

Mwana wa Bhuj alinipigia mara ya kwanza siku chache baadaye, jua likizama. Nilikuwa nimempa habari ya msiba na akalia kwa simu. Sasa alikuwa akiomba radhi: mama yake hatulii, anahangaika mlangoni, je naweza kumsemesha kidogo? Nikamwambia mpe. Sauti yangu ni ya mama, watu wote wananiambia.

"Mama," yule bibi akasema, "ile amana ipo?"

Mimi ni mdogo kwake, na sijapata kumwita mtu mwanangu ila wanafunzi wanapokosea hesabu. "Ipo, mwanangu," nikamwambia. "Imehifadhika."

Imekuwa ndiyo desturi yetu, karibu kila magharibi. Huuliza ile amana, namjibu, hutulia, mwanawe hushukuru, nami hufunga simu nikaenda kusali. Haikupata kuwa zaidi ya hapo mpaka juzi. Nilimwambia ipo, imehifadhika, na nikawa nangoja anipe mwanawe, lakini akabaki kwenye simu, akipumua.

"Na shoga yangu?" akauliza. "Mbona siku hizi haji dirishani?"

Nilikaa juu ya kitanda cha mama.

"Kalala, mwanangu," nikasema. "Alikuwa amechoka."

"Basi msimwamshe," akasema. "N'tamwona kesho."